Barua kwa Mama Latifa: silaha za mchwa

Morogoro,
Machi 12

Mpendwa Mama Latifa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote tu wazima, masika yameanza kwa kishindo na njia ya kwetu imeshakuwa tope tupu. Barua yako ilifika salama. Nimefurahi kusikia ng'ombe wamepona na kwamba Latifa amefaulu. Mpe hongera zangu, mwambie shangazi yake wa Morogoro anajivunia.

Sasa nije kwenye lile uliloandika mwishoni, maana ndilo lililonikalisha na kalamu usiku huu. Unasema vijana wamepasua kichuguu kidogo malishoni, wakatoka wadudu wenye vichwa vyeusi vilivyochongoka mbele, na aliyewashika akabaki na vidole vinavyonata na harufu ya tapentaini. Unauliza kama ni sumu. Unauliza pia kwa nini mchwa wa mlangoni kwako wanang'ata, na hawa wa malishoni hawana hata meno ya kung'atia.

Kwanza nikutoe hofu. Hao ni Trinervitermes, mchwa wa nyasi. Hawali mbao wala nguzo za zizi. Hutoka usiku kukata nyasi na kuzirudisha kichuguuni. Utomvu wao haumdhuru mtu. Kijana ajipake mafuta ya kula kwenye vidole, asugue, ndipo anawe kwa sabuni. Maji peke yake hayatafua dafu.

Swali la pili linataka nafasi zaidi, na nimefurahi umeliuliza, kwa sababu kila mwaka nafundisha wadudu darasani na sijawahi kupata mwanafunzi wa kuniuliza hivyo. Ili nikueleze meno yao yalikokwenda, lazima nianzie mbali kidogo, kwa mende.

Mchwa wametoka ndani ya ukoo wa mende. Ndugu yao wa karibu aliye hai leo ni Cryptocercus, mende asiye na mabawa anayeishi ndani ya magogo yanayooza huko Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki, akila mti ule ule anaolala ndani yake na kuwalea watoto humo humo. Kwa muda mrefu vitabu viliwapa mchwa kundi lao la peke yao. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ukaonyesha wazi kwamba hapana, nao ni tawi la mende, lililochipuka yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mimi jambo hili bado linanisisimua kila ninapolifundisha: yule anayejenga kichuguu cha kumzidi mtu urefu na yule anayekimbia taa jikoni wana babu mmoja.

Mende ana tezi za mate kifuani. Mchwa walizirithi, na kwao zikawa tezi za kila kazi. Mate hulainisha chakula. Mate hulisha malkia, mfalme, watoto na askari. Kwenye vichuguu vikubwa, mate ndiyo yanayoshikamanisha udongo hadi jembe likigonga linadunda. Na mate ni mwaliko pia. Mfanyakazi akikuta kipande kizuri cha mti, hukipaka mate yenye kemikali iitwayo haidrokwinoni, na wenzake wakiionja wanajua hapa pa kula, wanakaa na kutafuna. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba mwaliko huo ni ule ule kwa mchwa wa koo mbalimbali na mabara mbalimbali, akiwemo Mastotermes wa kaskazini mwa Australia, ambaye ndiye tawi lililojitenga mapema kuliko wote walio hai.

Ishike hiyo haidrokwinoni, Mama Latifa, usiiachie. Ikinyang'anywa haidrojeni mbili tu, inageuka benzokwinoni. Na benzokwinoni si mwaliko tena. Inachoma, inawasha, na ikichanganyika na protini inazifunga pamoja, zinakuwa nyeusi, zinanata, kisha zinakakamaa. Askari wa Mastotermes akimng'ata adui, anamwachia jerahani mate ya namna hiyo. Na sasa rudi nyumbani kwako. Ulivyowaeleza wale wa mlangoni, kwamba wanaufunika ubao kwa tope na askari wao ana kichwa chekundu, ni Odontotermes. Siku moja banjua lile tope, mchukue askari mmoja kwa ncha ya kijiti, umwachie aking'ate. Tazama mdomoni pake kwa makini. Utaona tone dogo la kahawia likitoka na kutanda kwenye kijiti, na baada ya muda mfupi linazidi kuwa jeusi na kushika. Mwaka 1975 wanakemia walichunguza tone la Odontotermes badius, mchwa wa kusini na mashariki mwa Afrika, wakakuta benzokwinoni na protini. Sisimizi akipakwa hilo miguuni na kwenye taya, hana kazi tena.

Kwa hiyo mchwa wa Australia na mchwa wa mlangoni kwako, waliotengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, wanapigana kwa kemikali moja, inayotoka kwenye tezi moja, na malighafi yake imo kwenye mate ya kulia chakula. Ninavyoona mimi, hapo ndipo ulipo mzizi wa habari nzima. Hakuna aliyekaa akabuni silaha. Mate yalikuwapo, kemikali ilikuwapo, na koloni ambalo askari wake walikuwa na mate makali kidogo kuliko jirani lilipona na kurusha kumbikumbi wengi zaidi. Ukirudia hivyo kwa mamilioni ya miaka, unapata tezi iliyovimba mpaka imejaa tumboni. Kwa askari wa Macrotermes, wale wajenzi wa vichuguu virefu, vifuko vya mate vinatoka kifuani vinaingia hadi ndani ya fumbatio.

Utauliza, kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu ya sisimizi, siafu na sungusungu. Mchwa wa zamani waliishi ndani ya gogo moja, wakilila na kulilalia. Hata leo wapo wa hivyo: Cryptotermes, wanaokula mbao kavu kwenye nyumba za miji ya pwani, wale wanaomwaga vile vichembe vikavu chini ya kabati. Askari wao kazi yake kubwa ni kichwa. Ni kifupi, kinene, kigumu, naye anakiingiza kwenye tundu na kuliziba. Mlango ukiwa mmoja na mwembamba, kichwa kinatosha. Lakini mchwa walipoanza kutoka nje kutafuta chakula mbali na kiota, wakawa wanakutana na sisimizi uwanjani, pande zote, na hakuna tundu la kuziba. Huko nje kinachosaidia ni silaha inayomfikia adui kabla yeye hajakufikia, na inayoita wenzako papo hapo.

Hapo ndipo ilipotokea tezi ya pili, na hii haina mfano wake kwa mdudu mwingine yeyote. Iko kwenye paji la uso. Chembe za ngozi ya kichwa zimejikusanya, zikabonyea ndani na kufanya mfuko unaotunza majimaji, na mfuko huo unafunguka kwa kitundu katikati ya kichwa. Mchwa wa matawi ya zamani hawana, si Mastotermes, si wale wa mbao kavu. Wanayo wa kundi lililokuja baadaye, ambalo ndilo lenye spishi nyingi zaidi leo, na lilikuwepo tayari miaka milioni 99 iliyopita, maana wamekutwa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale uliogeuka jiwe, huko Myanmar. Na hii huhitaji hadubini kuiona. Kumbikumbi wakitoka safari hii, kabla hujawatia kikaangoni, mchukue mmoja umtazame kichwani, katikati ya macho. Kuna kidoa kilichopauka. Ndiyo alama ya tezi hiyo hiyo.

Kwa askari kidoa hicho kimekwenda njia nyingi. Coptotermes, mla mbao anayeogopwa sana na wenye nyumba, ana tundu pana mbele ya kichwa na hutoa tone jeupe kama maziwa. Schedorhinotermes lamanianus, aliyeko Afrika Mashariki, ana askari wakubwa wanaong'ata na askari wadogo ambao mdomo wao wa juu umerefuka mbele. Hao wadogo humpaka adui sumu ya mafuta inayopenya ngozi yake. Hapa kuna fumbo moja lililonisumbua tangu chuoni: kama sumu ni kali hivyo, na vita vinapiganwa ndani ya vichochoro vyembamba, mbona wenyewe hawafi? Jibu lilipatikana mwaka 1981. Wafanyakazi wa mchwa hao wana kimeng'enya, protini ya mwilini inayobadilisha kemikali, kinachoivunja nguvu sumu ya askari wao, na wanaendelea na kazi mahali ambapo mdudu mwingine angekufa. Kwa maneno mengine, silaha ya askari isingeweza kuwa kali kiasi hicho kama miili ya wafanyakazi nayo isingebadilika. Wamekwenda pamoja hatua kwa hatua.

Na njia nyingine ndiyo ya hawa wako wa malishoni. Tundu la paji limeinuka, likawa mdomo mrefu wa bomba mbele ya kichwa, ile ncha uliyoiita pua. Kichwa chote nyuma yake ni tangi. Taya zimesinyaa, zimebaki vijiti viwili visivyoweza kuuma kitu. Lakini misuli ya taya haikuondoka! Misuli ile ile iliyokuwa ikifunga meno imebaki imelizunguka tangi, na ikijibana inalikamua kama mkono unavyokamua chupa ya gundi. Uzi mwembamba unaruka kutoka puani na kumnasa sisimizi umbali wa zaidi ya urefu wa mwili wa askari mwenyewe. Hivyo meno yao hayakupotea bure, Mama Latifa. Nguvu yake imehamishwa. Na askari huyu ni kipofu. Analenga bila macho, na bado hakosi.

Ile harufu ya tapentaini uliyoisikia kwa kijana ndiyo sehemu nyepesi ya gundi, terpini zinazoruka hewani haraka. Zina kazi mbili. Zinayeyusha ile sehemu nzito ili ipite kwenye bomba jembamba bila kuziba, na zikishatoka na kuenea zinawaita askari wengine. Zikikauka, inabaki ile sehemu nzito inayonata. Muundo wa kemikali hiyo nzito ulijulikana mwaka 1976, na naomba uwaambie majirani hili kwa fahari: kazi hiyo ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa Trinervitermes, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, kile alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mkemia Mmarekani aitwaye Glenn Prestwich alikuwa huko miaka hiyo, akawakusanya askari wenye pua, akakuta aina ya molekuli ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Familia nzima ya kemikali hizo imepewa jina kutokana na mchwa hawa wa nyasi. Baadaye alithibitisha na wenzake kwamba askari hawaipati gundi kwenye majani wanayolishwa. Wanaiunda wenyewe mwilini.

Wakilishwa, nimesema, kwa sababu askari mwenye pua hawezi kula peke yake. Hana cha kutafunia. Wafanyakazi wanamlisha mdomo kwa mdomo. Ndivyo ilivyo hata kwa wale wenye taya kubwa za kuogofya. Taya hizo ni za vita tu. Kila askari ni mzigo ambao koloni limekubali kuubeba, na ndiyo maana nadhani ni kosa kumsoma mdudu mmoja mmoja. Tezi iko kwenye kichwa cha askari, lakini gharama yake inalipwa na wote, na faida yake inaonekana kwenye kumbikumbi wanaoruka, ambao askari si mzazi wao wala hatakuwa mzazi wa yeyote.

Nikupe na hii ya mbali, kwa sababu nikiiacha sitalala. Kwenye misitu ya Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, kuna mchwa anaitwa Neocapritermes taracua. Mwaka 2012 wachunguzi walieleza kwamba baadhi ya wafanyakazi wake wana madoa mawili ya buluu mgongoni, pale kifua kinapokutana na fumbatio. Ndani ya vifuko hivyo mna fuwele za buluu, nazo ni protini yenye madini ya shaba. Mfanyakazi akizeeka, taya zake zinalika kwa kutafuna, na uwezo wake wa kuleta chakula unapungua. Wakati huo huo fuwele zinakua. Adui akimng'ata, mgongo unapasuka. Fuwele zinakutana na mate, na ndani ya mate mna nini? Haidrokwinoni! Ile protini inaigeuza kuwa benzokwinoni papo hapo, tone la sumu linamfunika adui, na mzee mwenyewe anakufa. Watafiti waliziondoa fuwele kwa mfanyakazi wa buluu, makali yakapungua. Wakazitia kwenye tone la kijana asiye nazo, likawa sumu.

Unaona walivyoirudia kemikali ile ile kwa njia nyingine kabisa? Viungo viwili vimetengwa kwenye vyumba viwili vya mwili, havidhuru kitu, mpaka siku ukuta unapopasuka. Na aliyepewa kuvibeba ni yule ambaye koloni litamkosa kidogo zaidi. Mimi nikifika hapa darasani sauti yangu hubadilika, siwezi kujizuia.

Wengine wamekwenda mbali hata kuliko hapo, wameacha askari kabisa. Kuna kundi zima la mchwa wa udongo wasio na askari, Afrika na Amerika ya Kusini, na baadhi yao wafanyakazi hupasuka wakishambuliwa. Mmoja asiye na askari anaitwa Alyscotermes kilimandjaricus. Alielezwa mwaka 1907 na Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wadudu Kilimanjaro mwaka 1905 na 1906. Wanaishi kwenye udongo chini ya miguu yetu na hatuwajui hata kwa jina.

Na adui naye hakulala. Sungusungu wakubwa weusi, Megaponera analis, wale wanaokwenda kwa mstari kuvamia mchwa huku wakitoa mlio wa kukwaruza wakiguswa, wanajeruhiwa sana na taya za askari wa Macrotermes. Utafiti uliofanywa Ivory Coast umeonyesha kwamba wanawabeba majeruhi wao kurudi nyumbani na kuwatibu vidonda, na dawa inatoka kwenye tezi iliyoko kifuani mwao. Yaani tezi kwa tezi.

Wanyama wakubwa ni habari nyingine. Gundi ya pua inamfukuza mlaji mchwa wa kawaida, lakini fisi mdogo, yule mwembamba mwenye milia anayetembea usiku, chakula chake karibu chote ni Trinervitermes. Analamba wafanyakazi waliotoka kukata nyasi, na terpini anazivumilia. Askari wakizidi kuwa wengi mahali pale, anaondoka anakwenda kwenye kundi lingine. Kwa hiyo hata kwake silaha haikushindwa kabisa. Inamlazimisha asikae na kumaliza wote. Vijana wako wakimwona huko malishoni wasimrushie mawe. Hali ndama wala mbuzi, meno yake ya nyuma ni vijino vidogo tu.

Sasa ushauri wangu, kwa kuwa umeuomba. Vichuguu vya malishoni viache, usimwage mafuta machafu wala dawa. Ni kweli wanakula nyasi, lakini dawa utakayomwaga itaingia kwenye malisho ya ng'ombe wako, na ukiwamaliza wale, fisi mdogo na muhanga watakosa chakula. Mlango ni jambo lingine. Kule usiwaonee huruma. Ng'oa ule ubao unaogusa ardhi, weka kizingiti cha saruji, kisha kila wiki angalia kama vichochoro vya tope vimepanda tena, uvifute. Mchwa hao wanahitaji unyevu na giza, ndiyo maana hutembea ndani ya vichochoro hivyo.

Nami nina ombi. Askari wa Trinervitermes huwa wa ukubwa wa namna mbili, wakubwa na wadogo, kwenye kichuguu kimoja. Mwambie Latifa atafute chupa ndogo ya dawa iliyooshwa, aijaze spiriti ya hospitali, atie askari wachache wa kila namna pamoja na wafanyakazi, aandike tarehe na mahali kwa penseli kwenye kikaratasi na kukitumbukiza humo humo ndani. Wino utafutika, asiutumie. Basi la Dodoma linapita hapa kila siku, na yule konda jirani yenu anajua dukani kwa kuniachia. Kidato cha tatu wanaingia mada ya wadudu mwezi ujao, na ningependa waone pua kwa macho yao, si kwa mchoro wangu wa ubaoni.

Nisalimie Baba Latifa, bibi, na wote hapo nyumbani. Mkunde uliotuma ulikuwa mzuri, umeisha siku ile ile.

Wako akupendaye,
Neema